Kiwanja Kimoja, Watumiaji Wengi

Somo la mwezi huu lahusu jambo ambalo twalipita kila siku wala hatusimami kulitazama, nalo ni kiwanja cha shule. Twasema "kiwanja cha shule" kana kwamba kina mwenyewe mmoja tu. Lakini tukikaa pembeni juma zima na kuwahesabu waingiao na watokao, tutaona kwamba sivyo. Asubuhi wamo watoto wa shule ya msingi. Penginepo mchana huja kundi la pili na kukalia madawati yale yale. Upande wa juu ipo shule ya sekondari, ambayo wanafunzi wake huteka maji katika bomba moja na wale wadogo. Jioni vijana wa mtaa hucheza mpira. Jumamosi pana mkutano au harusi, na Jumapili kwaya au darasa la kipaimara huazima chumba. Wote hao hutumia nyumba moja, choo kimoja na njia moja, na mara nyingi hawajuani hata kwa jina.

Katika somo hili twataka kuuliza maswali mawili. La kwanza: Mbona mahali pa wengi huharibika upesi, hata pale pasipo na mtu mwovu? La pili: Yampasa nini kila atumiaye mahali hapo, ili ajaye baada yake asiumie? Twawaomba wainjilisti walisome pamoja na wazee, wazazi na vijana. Mwishoni tumeweka maswali ya kuzungumza.

1. JINSI KIWANJA KILIVYOPATA WATU WENGI

Wazee wetu walisimuliwa na baba zao kwamba hapo kwanza, katika vijiji vingi, kanisa na shule vilikuwa nyumba moja. Jumapili ilikuwa nyumba ya ibada. Jumatatu mwalimu yule yule aliuleta ubao, na watoto wakaanza herufi zao. Walioitumia nyumba ndio waliokata miti na kuezeka majani. Paa lilipovuja, hapakuwa na haja ya kuuliza ni nani wa kuitwa.

Baadaye shule zilijengewa nyumba zake, lakini karibu na kanisa, katika ardhi moja. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, ambayo kwayo shule nyingi za misheni katika Tanzania zilitwaliwa na serikali. Tangu hapo kanisa likawa na mwenyewe wake, na shule ikawa na mwenyewe mwingine. Lakini mpaka ulioandikwa karatasini haukuweza kuigawanya njia, wala kivuli cha mti, wala bomba la maji. Watu waliendelea kupita palepale walipopita baba zao.

Tena watoto waliongezeka. Mwaka 1974 iliamuliwa huko Musoma kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ada ya shule za msingi ikafutwa, na kuanzia mwaka 2016 ikafutwa pia ada ya shule za sekondari za serikali hadi kidato cha nne. Hayo ni mema, maana mtoto wa maskini alifunguliwa mlango. Lakini mlango ulipofunguliwa, ardhi haikuongezeka. Kipimo kilichowekwa kwa shule za msingi ni watoto 45 katika chumba kimoja. Walipozidi mno, yalifanyika mambo mawili. Mahali pengine waligawanywa kwa zamu, kundi moja asubuhi na jingine mchana. Mahali pengine, hasa katika mji mkubwa kama Dar es Salaam, shule moja iligawanywa ikawa mbili au zaidi, kila moja na jina lake na mwalimu mkuu wake, lakini zote ndani ya kiwanja kile kile.

Tena shule ndipo watu wanapokimbilia siku ya haja. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope yaliuangukia mji wa Katesh, wilayani Hanang, na watu waliopoteza nyumba zao walihifadhiwa katika shule. Siku kama ile hakuna aulizaye mtoto wake alisoma wapi. Kwa hiyo hatusemi kwamba watu wengi wasiingie katika kiwanja cha shule. Yafaa waingie. Lakini yafaa pia wajue namna ya kuingia na namna ya kutoka, na hilo la pili ndilo gumu zaidi.

2. KWA NINI MAHALI PA WENGI HUHARIBIKA

Watu wengi, wakiona kioo kimevunjika au choo kimechafuka, hujibu upesi: "Siku hizi hakuna adabu." Huenda ni kweli mara nyingine. Walakini jibu hilo halitoshi, maana twaona mahali pa wengi pakiharibika hata mikononi mwa watu wenye adabu zao. Tutazame mfano mmoja.

Shule ipo mlimani, na uwanja wake umeinama kidogo. Njia ya haki yauzunguka uwanja kwa chini. Siku moja mtu mwenye haraka akata katikati ya uwanja, apunguze mwendo. Hakuvunja kitu. Kesho wapita kumi, na mwezi ujao wapita mia. Majani yakanyagwa, yafa. Udongo washindiliwa, wawa mgumu kama sakafu. Mvua za masika zikija, maji hayawezi kuzama katika udongo mgumu, hukimbia juu yake. Na kwa kuwa njia imekwisha kuwa mfereji, maji yote ya uwanja hukusanyika humo. Mwaka wa kwanza ni ufa wa kidole. Mwaka wa tatu mtoto aweza kusimama ndani hata magoti. Mwisho korongo lafika kwenye msingi wa darasa, na ukuta wapasuka. Sasa ni nani aliyelipasua darasa? Hakuna hata mmoja awezaye kushitakiwa, kwa kuwa kila mmoja alipita tu. Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika mahali pa wengi ufa huo hauna mtu auitaye wake.

Sababu yenyewe ni hii. Mwenye shamba akikata njia katikati ya mahindi yake, hasara yamrudia mwenyewe wakati wa mavuno. Basi hujizuia bila kuambiwa. Lakini katika kiwanja cha wengi, faida humwendea apitaye leo, na hasara humwendea ajaye kesho. Naye huyo wa kesho haonekani. Mtoto wa zamu ya asubuhi akichonga jina lake juu ya dawati, hamwoni mtoto wa mchana ambaye kalamu yake itaingia katika shimo hilo na kuitoboa karatasi. Wawili hao hukalia ubao mmoja mwaka mzima, wala hawajapata kuonana. Hali kadhalika mwanakwaya wa Jumapili hamwoni mtoto wa darasa la kwanza ambaye Jumatatu asubuhi atapewa ufagio.

Basi wajibu katika mahali pa wengi waanza na jambo moja: kumkumbuka mtu usiyemwona. Adabu ya kumsalimu aliye mbele yetu twafundishwa tangu utoto. Adabu ya kumwachia nafasi safi yule atakayekuja tukiisha kuondoka, hiyo hatuipati mpaka tufundishwe, maana hakuna atakayetushukuru kwa jina wala atakayetulaumu kwa jina.

3. MAMBO MATANO YA KUANGALIA

a) Choo na maji. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko mahali pote, na ndipo watu wasipopenda kuzungumza. Kipimo cha shule katika Tanzania ni tundu moja la choo kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Tuseme shule ina wasichana 300 na wavulana 300. Yahitaji matundu 15 ya wasichana na 12 ya wavulana, jumla 27. Tuseme tena kwamba shule ya pili, yenye watoto kadiri hiyo hiyo, imefunguliwa katika kiwanja kile kile, na vyoo havikuongezwa. Sasa kila tundu la wasichana ni la watoto 40. Kama shule zote mbili zatoka mapumziko kwa pamoja, nayo ni ya dakika 30, kila msichana hana hata dakika moja. Atafanya nini? Atakwenda nyuma ya nyumba au migombani, ama atajizuia mpaka jioni.

Na matokeo yake ni maradhi. Mayai ya minyoo hukaa udongoni miezi mingi yakiwa hai. Vijidudu vya safura huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya miguu isiyo na viatu. Kipindupindu na homa ya matumbo huenezwa na kinyesi kilichoingia katika maji au chakula. Minyoo ya zamu ya asubuhi haiwachagui watoto wa zamu ya asubuhi tu.

Twaweza kufanya nini kabla ya kupata saruji? La kwanza, walimu wakuu wawili wapatane, shule moja itoke mapumziko saa nyingine. Hilo halina gharama hata senti moja, nalo huongeza nafasi mara mbili. La pili, wageni wa Jumamosi na Jumapili wasafishe choo kabla ya kuondoka, kwa maji waliyoyaleta au kuyateka wenyewe. Si haki sherehe ya watu wazima isafishwe na watoto. La tatu, kibuyu chirizi kitundikwe karibu na choo, pamoja na sabuni. Chombo hicho ni cha bei ndogo, na mtoto mwenyewe aweza kukitengeneza kwa dumu na kamba.

Tena twawaomba wazee wasione haya kusema habari ya komeo. Msichana mkubwa, katika siku zake, hawezi kutumia choo kisichofungika. Hurudi nyumbani, na masomo ya siku zile yampita. Kwa hiyo yule aling'oaye komeo ili alitumie kwingine amemnyang'anya msichana masomo yake, ingawa hakuvigusa vitabu vyake.

b) Saa na sauti. Zamani kengele ya shule ilikuwa kipande cha reli au rimu ya gari iliyotundikwa mtini, na kijiji kizima kiliyajua mapigo yake. Sasa fikirini shule mbili katika kiwanja kimoja, kila moja na rimu yake. Moja ikipigwa, watoto wa nyingine huinuka katikati ya hesabu. Dawa yake ni ndogo: shule moja itumie kengele na nyingine ngoma au filimbi. Vivyo hivyo wakati wa mtihani shule iliyo huru na inyamaze, nasi wa kanisa tusifanye mazoezi ya tarumbeta na vipaza sauti karibu na madirisha. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi hufanywa mara moja tu kwa mwaka. Kwaya yaweza kungoja siku mbili. Tuombe tarehe za mitihani mwanzoni mwa mwaka, tuzibandike mlangoni mwa kanisa.

c) Njia, ngazi na milango. Mambo haya twayapita bila kuyafikiri mpaka siku ya hatari, na siku hiyo hakuna nafasi ya kujifunza. Ndugu zetu wa Kenya wamepata misiba miwili ambayo yatupasa kuikumbuka kila tunapotumia jengo pamoja na wengine. Tarehe 3 Februari 2020, katika shule ya msingi ya Kakamega, watoto walikuwa wakitoka madarasani jioni kwenda nyumbani. Waliposhuka ngazini walisongamana, wakakanyagana, na watoto 14 wakafa. Hapakuwa na moto wala tetemeko. Ilikuwa ni saa ya kwenda nyumbani. Na mwezi wa Machi mwaka 2001, huko Kyanguli wilayani Machakos, bweni la wavulana liliteketea usiku, na wanafunzi 67 wakafa. Madirisha yalikuwa na nondo, na mlango mmoja katika miwili ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

Twajifunza nini? Kwamba ngazi na mlango ni mali ya wote kuliko chumba chochote. Pasiwekwe madawati mabovu chini ya ngazi wala katika ushoroba. Madarasa yasitoke yote kwa pamoja, bali moja baada ya jingine, wadogo wakitangulia na mwalimu akisimama ngazini. Nasi tuazimapo ukumbi kwa mkesha au kwa semina, tusiufunge mlango wa nyuma "ili watu wasitoroke." Mlango wowote wenye watu ndani usifungwe kwa kufuli, usiku wala mchana.

d) Ubao na vyombo. Mwalimu huandika somo ubaoni Ijumaa jioni, ili Jumatatu aanze mapema. Jumapili mwalimu wa watoto huingia, huufuta ubao, naye hajui kwamba amefuta kazi ya saa nzima. Basi tuwe na desturi: pasipo ruhusa, ubao hauguswi, twende na ubao wetu mdogo au karatasi kubwa. Madawati yakitolewa nje kwa mkutano, yarudishwe kwa hesabu, tena katika chumba chake, wala yasiachwe mvuani. Mafiga ya kupikia yasiwekwe juu ya sakafu ya darasa, maana saruji ikipata moto hupasuka, na pale ilipopasuka ndipo vumbi na funza huanzia. Matawi ya miti yasikatwe kwa ajili ya kuni za sherehe. Kivuli hicho ndicho darasa la siku za joto.

e) Watoto wenyewe. Jambo hili tumeliweka mwisho ili likae moyoni. Kiwanja chenye watu wengi ni kiwanja ambacho mtu mgeni haonekani kuwa mgeni. Mtu mzima akiingia, kila mmoja hudhani kwamba ni wa wale wengine: walimu wa juu husema ni wa shule ya chini, na wa chini husema ni wa kanisani. Humo ndimo mwenye nia mbaya hupata kichaka chake. Kwa hiyo kila mtu mzima aingiaye wakati wa masomo na apite kwanza kwa mwalimu, hata kama ni mzee wa kanisa, hata kama amepita hapo miaka 30. Mtu mzima asimwite mtoto peke yake chumbani wala nyuma ya nyumba kwa sababu yoyote. Hata mwalimu wa kwaya au wa kipaimara na afundishe mlango ukiwa wazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa kila mtu wajibu wa kutoa habari aonapo haki ya mtoto ikivunjwa. Si kazi ya mzazi wake tu.

Tena wanafunzi wakubwa wa sekondari wafundishwe kwamba ukubwa wao ni kwa ajili ya kuwalinda wadogo. Penye bomba moja, mtoto wa darasa la kwanza akisukumwa nyuma kila siku, atajifunza kwamba shuleni haki ni ya mwenye nguvu, naye akikua atawatendea wengine vivyo hivyo. Lakini akiona mkubwa amshikia ndoo, somo hilo nalo litakaa.

4. KUKABIDHIANA

Wahenga walisema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja, na wengine wakiona walimu wakuu wawili katika kiwanja kimoja husema ugomvi lazima utakuwapo. Lakini tumeona mahali pengi kwamba ugomvi hauletwi na wingi wa wakuu. Huletwa na kutokukabidhiana. Kitu kikipita kutoka mkono mmoja kwenda mkono wa pili mbele ya macho, hakipotei. Kikiwekwa chini katikati, na mmoja akaondoka kabla mwingine hajafika, hapo ndipo kila mmoja husema, "Nilikikuta hivi."

Basi twashauri mambo manne, ambayo hata shule maskini yaweza kuyafanya.

Kwanza, liwepo daftari moja la kiwanja, si la kila shule mbali mbali. Ndani yake kila kikundi kiandike tarehe, jina la kikundi, jina la mtu mmoja mwenye dhamana, saa ya kuingia na saa ya kutoka, na kitu kilichovunjika. Aliyevunja aandike mwenyewe kabla hajaulizwa. "Kamati" haiwezi kuitwa kuja kurekebisha dirisha. Mtu mwenye jina aweza.

Pili, kabla ya kuondoka, mwenye dhamana na azunguke: choo, bomba, madirisha, taa, madawati, moto. Mzunguko huo hauzidi dakika kumi. Bomba moja lililoachwa wazi usiku kucha laweza kumaliza tangi la shule nzima, na asubuhi watoto hawana maji ya kunawa.

Tatu, habari ya lango. Mara nyingi ugomvi huanza kwa ufunguo mmoja ambao mwenyewe amesafiri. Zipo sehemu ambazo hutumia mnyororo mmoja na kufuli mbili zilizoshikana kama pete, moja ya shule hii na moja ya shule ile. Yeyote akifungua kufuli yake, lango lafunguka. Akifunga, limefungwa kwa wote. Hakuna amngojaye mwenzake, wala hakuna awezaye kusema alifungiwa nje.

Nne, kila mwanzo wa muhula kamati za shule zikae pamoja, na watumiaji wengine wote waalikwe: usharika, timu ya mpira, uongozi wa mtaa. Wapange saa, wagawane ankara ya maji kwa kadiri ya matumizi, na waamue siku moja ya kazi ya mikono kwa wote. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nasi tunaotumia shule kila Jumapili kwa miaka mingi, je, tungali wageni? Jembe letu liko wapi?

5. MANENO MAWILI YASEMWAYO MARA NYINGI

Kuna wazee wasemao: "Shule hii waliijenga baba zetu kwa mikono yao. Mbona leo tuombe ruhusa ya kuingia?" Neno hili lina uchungu wa kweli ndani yake, wala hatupendi kulipuuza. Mawe yale yalibebwa kichwani na mama zetu kutoka mtoni. Lakini waliyabeba kwa ajili ya nani? Waliyabeba kwa ajili ya watoto, nao wengine walijua kwamba wao wenyewe hawatasoma kamwe. Mtu akitaka kurithi heshima yao, na arithi kwanza mzigo wao. Kuomba ruhusa kwa mwalimu hakuwapunguzii baba zetu heshima. Kuacha uchafu ndani ya nyumba waliyoijenga kwawapunguzia.

Wengine husema: "Hiyo ni kazi ya serikali, ilete vyoo na madarasa." Ni kweli, ni kazi yake, na yatupasa kuidai bila kuchoka, kwa barua na katika mikutano. Watoto 90 katika chumba cha watoto 45 ni shida ambayo ufagio hauwezi kuiondoa. Lakini komeo la choo halingoji bajeti. Kengele mbili kupatana hakungoji bajeti. Na mtu aendaye kudai darasa jipya husikilizwa vizuri zaidi akiweza kuonyesha kwamba la zamani lilitunzwa.

Ndugu wapendwa, watoto hawajifunzi kwa yale tu yaandikwayo ubaoni. Hujifunza pia kwa hali ya chumba wanachokikuta asubuhi. Wakikikuta kimefagiwa na watu wasiowajua, wajifunza kwamba katika dunia hii wapo watu wanaowafikiria bila kuonekana. Wakikikuta kimechafuliwa, wajifunza neno jingine. Basi kila tuondokapo, na tujue kwamba tumewaachia somo moja kati ya hayo mawili.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Katika kiwanja cha shule kilicho karibu nasi, ni makundi mangapi yanayokitumia katika juma moja? Tuyataje kwa majina.

2. Tuhesabu watoto na matundu ya choo. Je, kipimo cha 20 na 25 chatimizwa? Kama sivyo, ni jambo gani tuwezalo kulifanya mwezi huu, na ni lipi la kulidai kwa wakuu?

3. Ipo njia gani ya mkato ambayo sisi wenyewe twaipita, nayo imeanza kuchimba ardhi? Nani ataiziba, na lini?

4. Usharika wetu ukiazima chumba, ni nani mwenye dhamana ya mwisho? Jina lake lajulikana kwa mwalimu mkuu?

5. Milango na ngazi za jengo tunalotumia zikoje? Watu wote waweza kutoka upesi usiku, taa zikizimika?

6. Mtu mzima asiyejulikana akiingia kiwanjani saa za masomo, ni nani atakayemwuliza haja yake?